Kifua si mashine ya maskini

Barua hii imetoka kwa baba mmoja anayeendesha bodaboda kati ya Ahero na Kisumu mjini. Nimeifupisha kidogo, lakini maneno ni yake.

“Sista, mke wangu alijifungua akiwa wiki ya 28. Ni msichana, gramu 1,050. Leo ana siku 12. Siku kumi za kwanza alikuwa kwenye mashine ya joto. Juzi wakamtoa, wakamfunga kwenye kifua cha mamake kwa leso, wakasema atakaa hivyo mchana na usiku. Mama yangu anasema tumefukuzwa kwenye mashine kwa sababu hatuna pesa. Anasema pia kwamba mtoto wa miezi saba huishi, mradi aachwe kwenye joto asiguswe-guswe. Uzito ulishuka hadi 960, leo ni 1,010. Nyumbani kuna wanaonong’ona kwamba ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Kuna hospitali ya kibinafsi hapa mjini yenye mashine mpya, na nimeshapata mtu wa kununua pikipiki. Niuze nimhamishe?”

Usiuze pikipiki. Nimetanguliza jibu kwa sababu najua hali: uko kwenye benchi nje ya wodi, simu iko mkononi, na mnunuzi ameshapiga mara mbili. Mwambie asubiri, kisha tuzungumze pole pole.

Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga. Nimefanya kazi hiyo katika hospitali tatu za upande huu wa nchi, na hilo neno “tumefukuzwa kwenye mashine” nimelisikia kwa wauza omena na kwa walimu wakuu vilevile. Kosa mara nyingi ni letu. Tunamtoa mtoto kwenye sanduku linalowaka taa na kupiga kengele, tunampa mama leso, tunasema “kangaruu”, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, halafu tunakimbilia kitanda kingine. Mzazi aliyeona taa zikizimwa ataelewa nini zaidi ya kwamba huduma imepunguzwa?

Basi tuanze na mashine yenyewe. Inkubeta ni sanduku la plastiki angavu linalopasha hewa joto. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Hailishi mtoto, haimpumulishi, haimkingi na maradhi. Joto lenyewe si jambo dogo, nisieleweke vibaya. Mtoto wa wiki 28 hana mafuta chini ya ngozi, na ngozi yake ni nyembamba kama lile ganda la ndani la kitunguu. Mishipa unaiona yote. Anapoteza joto kama chai kwenye kikombe cha bati. Akipoa, anatumia sukari yote aliyo nayo mwilini kujipasha, sukari ikiisha analegea, akilegea anaacha kupumua. Ndiyo maana tunapima joto lake kila mara na tunataka liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Lakini sanduku lile linategemea stima, na stima zetu unazijua. Tena watoto wakiwa wengi, sanduku moja hulala wawili au watatu, na wakishiriki sanduku wanashiriki vijidudu.

Nitakuambia nilivyojifunza hili, ingawa sipendi kulisimulia. Mwaka wangu wa pili kazini, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, stima zilipotea kama saa saba usiku na jenereta ikakataa kuwaka. Tulikuwa na watoto sita kwenye mashine. Tulihangaika na pamba, na mablanketi, na glavu tulizojaza maji ya moto tukazifunga mafundo tukaziweka kando ya kila mtoto. Glavu ya maji ya moto inapoa upesi kuliko unavyodhani. Na wakati wote huo mama zao sita walikuwa wamelala kwenye mikeka ukumbini, hatua kumi kutoka tulipokuwa, vifua vyao vina joto, maziwa yanawavuja. Hakuna aliyewaamsha. Mimi sikuwaamsha. Sheria ya wodi ilikuwa mama anaingia saa za maziwa tu. Alfajiri nilimpima mmoja nikakuta 33.8. Hakufika jioni.

Hiyo leso unayoiona kuwa dhaifu, ndugu yangu, ndiyo dawa iliyokosekana usiku ule.

Njia yenyewe haikubuniwa na wizara yetu kwa kubana matumizi. Ni kweli ilizaliwa kwenye uhaba, na hapo mama yako hajakosea kabisa. Mwaka 1978, katika hospitali ya uzazi mjini Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona watoto wamejaa kwenye inkubeta chache wakiambukizana maradhi na kufa, akaanza kuwaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Baadaye mwenzake Héctor Martínez akaungana naye. Walitafuta badala ya mashine, wakakuta kitu ambacho mashine haikifanyi. Kifua cha mama hujirekebisha: mtoto akianza kupoa, ngozi ya mama hupanda joto. Mtoto anasikia mapigo ya moyo aliyoyazoea tumboni na kupumua kwake kunatulia. Vijidudu anavyovipata ni vya mamake, ambavyo maziwa ya mama huyohuyo yana kinga dhidi yake. Na maziwa yenyewe huongezeka kwa sababu mtoto yuko palepale.

Kwa muda mrefu madaktari walisema sawa, lakini mtoto kwanza atulie kwenye mashine, kangaruu ije baadaye. Kisha Shirika la Afya Duniani likasimamia utafiti katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,200 wenye uzito wa kilo 1 hadi gramu 1,799. Binti yako angeingia humo. Nusu yao waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, kwa wastani wa karibu saa 17 kwa siku. Nusu walikaa kwanza kwenye mashine kama ilivyozoeleka. Matokeo yalichapishwa 2021. Waliokaa mashineni kwanza walikufa karibu 16 kati ya kila 100 katika siku 28 za mwanzo. Wa kifuani, 12. Utafiti ulikatizwa kabla ya wakati wake, kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima wengine kifua. Mwaka uliofuata shirika hilo likabadilisha mwongozo wake kwa dunia nzima, hata kwa nchi zenye mashine za kutosha.

Kwa hiyo swali la kuwauliza wauguzi ni kwa nini mlisubiri siku kumi. Pengine kulikuwa na sababu nzuri. Zipo mashine ambazo kweli hazina mbadala, na pengine binti yako alizihitaji. Kuna ile ya kusukuma hewa puani isiyoacha mapafu yafunge, yenye mrija unaoishia kwenye chupa ya maji. Ukisikia mapovu yanatokota muda wote, inafanya kazi, na mapovu yakinyamaza, ita mtu mara moja. Kuna taa ya buluu ya umanjano. Kuna dripu. Kuna dawa ya kafeini, ndiyo, ileile iliyomo kwenye chai na kahawa, kwa sababu ubongo wa mtoto wa wiki 28 husahau kupumua na kafeini huukumbusha. Mtoto akizidiwa anarudishwa kwenye vitu hivyo bila aibu, na vingi vyake hata anaweza kupewa akiwa kifuani. Muulize sista aliye zamu: “Anapumua mwenyewe? Amesahau kupumua mara ngapi tangu jana?” Ni haki yako kujibiwa.

Kuhusu uzito usiogope. Kila mtoto hupungua siku za kwanza, maji ya mwilini yanatoka, na mdogo kama huyu anaweza kupoteza hadi sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo. Wako alipoteza gramu 90 na ameshaanza kuzirudisha. Wengi hufikia uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Baada ya hapo tunatarajia gramu 15 hivi kwa siku kwa mtoto wa kilo moja. Chukua kijiko kikubwa cha mezani, ukijaze maji: ndiyo gramu 15. Siku ukiambiwa ameongeza 12, usinune. Siku akiongeza 40, usisherehekee pia, maana huenda ni nepi iliyolowa au mizani tofauti. Tazama wiki, usitazame siku.

Sasa maziwa, na hapa ndipo pikipiki inapoingia.

Mtoto huyu hawezi kunyonya bado. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja karibu na wiki ya 34, kwa hiyo kwa sasa analishwa kwa mrija mwembamba unaopita puani au mdomoni hadi tumboni. Akiwa na kilo moja na mambo yakienda vizuri, atafika kwenye mililita 160 hivi kwa siku, yaani kama 20 kila baada ya saa tatu. Hizo 20 lazima zikamuliwe na mtu. Mke wako anatakiwa kukamua mara nane kwa siku, na mara moja au mbili kati ya hizo ni katikati ya usiku, hata kama yanatoka matone. Nimeona mama anakamua nusu saa anapata kiasi cha kufunika tu kitako cha kikombe, analia, anataka kuyamwaga kwa hasira. Yasimwagwe. Tunayavuta kwa bomba la sindano mpaka tone la mwisho. Zile dang’a za siku za kwanza, za manjano na nzito, tunawapaka watoto wetu hata ndani ya shavu.

Maziwa hayo si chakula tu. Matumbo ya mtoto njiti ni mabichi, na maziwa ya kopo huongeza hatari ya ugonjwa wa matumbo kuvimba na kuoza, ambao ukiingia wodini tunauogopa kuliko karibu kila kitu. Ikiwa ya mama hayatoshi kabisa, chaguo linalofuata ni maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa na kuchemshwa kitaalamu. Benki ya kwanza ya maziwa hayo nchini ilifunguliwa katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Zingekuwa nyingi ningefurahi. Lakini kwa familia nyingi za huku, benki ni mama mwenyewe, naye anahitaji kula, kunywa maji, kulala na kutosumbuliwa.

Nani anamletea chakula? Wewe, kwa pikipiki. Uji asubuhi, samaki na mboga jioni, maji safi, sabuni ya kunawa mikono. Ukiiuza, utamlipia binti yako siku kadhaa za kitanda cha kibinafsi, halafu utakuwa huna cha kumlisha anayemlisha. Tena uliza ofisi ya malipo kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, kabla ya yote, na umwandikishe mtoto mapema. Nimeona familia zikichanga pesa mwezi mzima kwa kukosa fomu moja.

Sisemi kuhama ni kosa daima. Mtoto akihitaji kitu ambacho hapo hakipo, kwa mfano msaada wa kupumua au upasuaji wa matumbo, ahamishwe, na hospitali iandike barua na impigie simu anayempokea. Lakini kumhamisha mtoto wa kilo moja anayepumua vizuri ili akakae ndani ya sanduku jipya, hapana. Safari yenyewe ni hatari. Nimepokea watoto waliotoka si mbali, wamefungwa mablanketi matatu na mtungi wa oksijeni, wakafika baridi kama chupa ya soda. Ikibidi asafiri, asafiri kifuani. Na ukienda kuulizia kwingine, usiulize kama wana inkubeta. Uliza: usiku kuna muuguzi mmoja kwa watoto wangapi? Mama anaruhusiwa kukaa na mtoto saa zote? Jibu la pili likiwa “saa za kutembelea tu”, rudi ulikotoka.

Hukuniuliza kuhusu macho, na hakuna anayeuliza, kwa hiyo shika hili. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 anatakiwa kuchunguzwa macho na daktari wa macho akifika wiki nne tangu kuzaliwa. Mishipa ya damu ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho, huwa haijamaliza kukua, na inaweza kukua ovyo ikang’oa pazia, hasa mtoto akipewa oksijeni kupita kiasi. Stevie Wonder, yule mwanamuziki wa Marekani, alizaliwa njiti mwaka 1950 akapofuka hivyo. Leo ugonjwa huu ukiwahiwa unatibika kwa mwanga wa leza au sindano, lakini dirisha la kuuwahi ni la majuma machache tu. Binti yako ana siku 12. Zimebaki 16. Iandike tarehe hiyo kwenye simu, na ikiwa wodi haijakutajia, itaje wewe. Masikio pia yapimwe kabla au muda mfupi baada ya kuruhusiwa.

Kwa mama yako, nenda kwa heshima. Hilo la “mtoto wa miezi saba huishi, wa minane hufa” ameambiwa na mamake, naye na mamake, na utalisikia kote nchini. Si kweli, kila wiki anayoongeza tumboni humwongezea mtoto nafasi. Nadhani lilianzia kwa watu waliokosea hesabu ya miezi, na kwa wale wachache walioishi wakasimuliwa sana. Ila hapo kwenye “aachwe kwenye joto” ana hoja, na ningemkaribisha kwa hoja hiyo. Mwambie: joto ndilo hili, mama, tena bibi naye ana kifua.

Chira nayo. Wanaonong’ona wanamnong’onea mke wako, na maziwa ya mama mwenye hofu hushuka kwa taabu. Wajibu wewe, yeye asijibu. Huku kwetu kandokando ya ziwa malaria hujificha kwenye kondo la nyuma bila mama kuhisi hata homa. Kuna presha ya ujauzito, maambukizi ya mkojo na ya njia ya uzazi, upungufu wa damu, mlango wa kizazi unaofunguka mapema. Na mara nyingi sana tunachunguza tusipate sababu. Kubeba ndoo ya maji si sababu, kugombana na mama mkwe si sababu. Mimba ijayo aanze kliniki mapema na aseme neno la kwanza kabisa: “Wa kwanza alikuja wiki ya 28.” Kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto ambazo hufaa zikichomwa kabla hajazaliwa, na ili zichomwe mtu lazima awe amefika hospitali.

Ukitaka nikuambie ukweli wote, hatujavuka mto. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi za kipato cha chini nusu ya watoto wanaozaliwa wiki ya 32 au kabla yake hufa, wakati katika nchi tajiri karibu wote huishi. Soma lakini wanachokosa: joto, maziwa ya mama, usafi, tiba ya kawaida ya maambukizi na ya kupumua. Vitatu kati ya hivyo vimo mikononi mwenu. Dalili za kukufanya upige kelele ni hizi: midomo ya buluu, kupumua kukikatika, tumbo kuvimba, matapishi ya kijani, mwili baridi, au mtoto aliyekuwa akijinyoosha kulegea ghafla.

Mengine ni ya baadaye. Ataruhusiwa akinyonya au akinywa kwa kikombe, akiongezeka uzito mfululizo na kushika joto lake, na nyumbani mtaendelea kumbeba kifuani hadi aanze kujinyonganyonga kuikataa leso. Chanjo za wiki ya sita hufuata tarehe ya kuzaliwa. Kukaa na kutambaa, hapana: mpunguzie miezi mitatu mpaka afike miaka miwili, ili jirani asije akawaharibia siku kwa kumlinganisha na wake.

Sasa kazi ya kesho. Kwenye kitanda chake sasa hivi kuna plasta imeandikwa “Mtoto wa” na jina la mamake. Mpe lake. Halafu mke wako anahitaji kuoga na kulala saa mbili, na mtoto hawezi kurudi kitandani kumsubiri, kwa hiyo kifua ni chako. Sista fulani atashangaa, pengine akina mama watacheka kidogo, waache wacheke. Oga vizuri, usijipake manukato, usivute sigara, ukate kucha. Nawa mikono hadi viwiko. Utaketi umeegemea nyuma kidogo. Atawekwa amevaa nepi, kofia na soksi tu, katikati ya kifua, kichwa kimegeukia upande mmoja na shingo haijakunjwa, miguu imekunjwa kama ya chura, na leso itapita chini ya sikio lake. Dakika za kwanza utaogopa kupumua. Pumua. Anapenda kifua kikipanda na kushuka. Na uvae shati la vifungo mbele, si fulana, maana fulana ya kuvulia kichwani ndiyo huwarudisha akina baba nyumbani kubadilisha.